Nyumba ya mbao kando ya mto, Lushoto: watu sita, vikombe vinne

Kazi yangu ni stoo. Huu mwaka wa 14 niko Kariakoo nahesabu katoni zinazoingia na zinazotoka, kwa hiyo mkiniona hapa nahesabu vijiko vya watu msinishangae. Nikiingia chumba cha wageni, kabla sijavua viatu nimeshajua mito mingapi, mashuka mangapi, taulo ngapi. Mume wangu anasema huo ni ugonjwa. Safari hii ugonjwa wenyewe ndio uliotuokoa, na kitu kimoja nilichosahau kukihesabu ndicho kilichotuweka gizani.

Saba Saba iliangukia Jumatatu, nikaomba ruhusa ya Ijumaa kazini, tukapata siku tatu za kulala. Tulikuwa sita: mimi na baba watoto, watoto wetu wawili (wa miaka 11 na wa 7), shemeji yangu anayesoma chuo, na mama mkwe, mtu wa Kisarawe ambaye kwake baridi ni pale feni inapozunguka namba tatu. Tulichukua nyumba ya mbao bondeni, kati ya Soni na Lushoto mjini, upande ule mto unakofuatana na barabara. Jina la mahali silitaji. Yaliyonikera nimeshayamaliza na mwenye nyumba kwa simu, na mengi ya haya utayakuta kwenye nyumba yoyote ya namna ile ukitaka kwenda.

Nianze na picha, kwa sababu ndizo zilizotupeleka. Kwenye mtandao nyumba inaonekana imekalia mto. Kibaraza, kikombe cha chai juu ya ukingo, maji yanapita chini yake. Nikamwuliza dada mwenye nyumba kwa WhatsApp: "Mto uko mbali gani na nyumba?" Akajibu: "Uko hapo hapo mpendwa." Uko hapo hapo kweli, ila kwenda chini. Ngazi 83 za udongo, zimechongwa kwenye mteremko na kukingwa kwa magogo ya mkaratusi, na zikinyeshewa na manyunyu ya Julai zinateleza kama sahani yenye mafuta. Mama mkwe alizishuka mara moja tu kwa siku zote tatu, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye bega la shemeji. Aliyepiga ile picha alisimama chini mtoni akaelekeza simu juu. Ukitaka kujua ukweli wa nyumba ya bondeni, usiulize "mto uko mbali gani." Uliza "kuna ngazi ngapi mpaka kwenye maji."

Ila mto wenyewe sina neno nao. Usiku wa kwanza, kama saa 8 hivi, nikasikia mlango unafunguliwa. Nikatoka, nikamkuta mama mkwe sebuleni na tochi ya simu, kajifunga kanga mbili na blanketi juu, anahangaika na komeo.

"Mama, kulikoni?"

"Mvua hiyo mwanangu, hamwisikii? Nguo za watoto ziko kwenye kamba."

Ilikuwa sauti ya mto. Nje nyota zimejaa mpaka kwenye ncha za miti, na nguo zimekauka nusu kwenye kamba yake. Tukasimama kibarazani tukicheka kimyakimya tusiwaamshe wengine, halafu hakutaka kurudi ndani. Akaomba kiti.

Sasa usafiri, na hapa nitakwenda upesi. Kuna mabasi ya moja kwa moja kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, mpaka Lushoto. Panda hayo hata kama kiti ni cha nyuma. Ukipanda la Arusha au Moshi utashushwa Mombo na mizigo yako, uanze kugombea Noah pamoja na magunia ya watu. Sisi tuliondoka saa 12 asubuhi, tukafika mchana wa saa 8. Mpaka Mombo ni barabara ya kawaida, Chalinze, Segera, Korogwe, unalala unaamka. Mombo ndipo gari linapokata kona kuingia mlimani, na kutoka pale ni kama kilomita 33 za lami mpaka Lushoto. Mombo iko mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400. Maana yake ndani ya kilomita 33 umepandishwa karibu kilomita nzima kwenda juu, na yote ni kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Mwanangu wa miaka 7 alitapika mara mbili kabla ya Soni. Chukua ndoo ndogo yenye mfuniko, mifuko ya Rambo ilipigwa marufuku tangu 2019 na kondakta hana cha kukupa. Na mpe mtoto kiti cha upande wa kulia au kushoto, vyovyote, ila cha mbele, aone barabara. Masika barabara hiyo huwa inaporomokewa na udongo, kwa hiyo kati ya Machi na Mei mimi singekwenda na watoto.

Pale Soni gari lilisimama kidogo, tukayaona maporomoko ya maji kutoka barabarani, na tukanunua viazi, karoti, kabichi na njegere. Nunueni hapo au Lushoto sokoni. Usibebe mboga kutoka Dar, ni kama kupeleka samaki Mafia.

Tulipofika mlinzi wa nyumba alitupokea, mzee mmoja Msambaa mpole sana, koti refu la mvua na kofia ya sufu. Tukampa shikamoo, akatubebea mizigo, halafu kwa upole ule ule akasema mtoto mdogo naye analipiwa elfu 15 kwa usiku. Mimi nilikuwa na ujumbe wa mwenye nyumba: chini ya miaka 10 bure. Nikamwonyesha. Mzee akasoma polepole, akanirudishia simu, akasema, "Basi mama, haya mlimalizana wenyewe." Ikaisha. Bei ilikuwa elfu 150 kwa usiku kwa watu wanne, na elfu 15 kwa kila anayezidi. Sisi tulilipa wa tano tu, nusu kabla na nusu pale. Kila mnachokubaliana kiwe kwa maandishi. Mambo ya "tuliongea kwenye simu" hayana ushahidi ukiwa umesimama mlangoni na masanduku, mvua inaanza.

Ndipo nikahesabu. Kitanda kimoja cha tano kwa sita, vitanda viwili vya deka, nafasi sita kamili, hapo sawa. Mashuka safi, yana harufu ya jua. Blanketi nne. Vikombe vinne, kimoja hakina mkono. Sahani sita, uma tatu, kijiko cha kupakulia kimoja, kisu hakikati hata nyanya. Sufuria mbili na moja haina mfuniko. Nyumba inapangishwa kwa watu sita ila vyombo ni vya watu wanne; nadhani ilianza kama nyumba ya wanne, vitanda vikaongezwa, stoo haikuongezwa. Naijua hali hiyo, naiona kila siku kazini.

Blanketi ndiyo hesabu iliyokuwa na maumivu. Msinielewe vibaya, Lushoto ya Januari ni hewa nzuri tu. Lushoto ya Julai ni kitu kingine, na bondeni kando ya maji ni zaidi. Saa 11 alfajiri simu yangu ilisema nyuzi 11. Ukungu unalala mtoni mpaka saa 4 asubuhi, na mbao za nyumba zina nyufa ndogo ambazo mchana zinapendeza, mwanga unaingia kama mistari, usiku zinaleta upepo kwenye shingo. Mzee alituongezea blanketi moja, nina hakika lilikuwa lake. Tukawapa watoto. Kwa hiyo kabla hujaenda pita Karume kwenye mitumba, nunua sweta nzito kwa kila mtu, soksi jozi tatu tatu, na kila mtu blanketi lake. Shemeji alikuja na jinzi za matundu magotini. Sina la kuongeza.

Pale ndani kuna meko ya ukutani yenye dohani, na hicho ndicho kitu bora kuliko vyote vya nyumba ile. Fungu la kuni elfu 5. Siku ya kwanza baba watoto alijifanya anajua, akapanga magogo manene ya mkaratusi mbichi akayamwagia mafuta ya taa, tukapata moshi wa kufukuzia nyuki. Mzee akaja, akaondoa yote bila kusema neno. Akatoa mfukoni vibanzi vya msonobari, vile vyenye utomvu unaong'aa kama asali, akavisimamisha vitatu kama mafiga madogo, akaweka vijiti vyembamba juu, halafu gogo moja tu lililokauka. Kiberiti kimoja. Utomvu ukaanza kutoa sauti ya kukaanga na moshi ukapanda dohani moja kwa moja. Baba watoto alikaa kimya kidogo, kisha akauliza vibanzi vinauzwa wapi.

Maji ya kuoga ni ya pipa: limewekwa juu ya jiko la kuni nyuma ya nyumba, bomba linapita ukutani mpaka bafuni. Mzee analiwasha saa 11 alfajiri na saa 11 jioni. Yanatosha watu wanne wakioga kwa adabu. Wa tano anapata vuguvugu. Wa sita alikuwa shemeji siku zote tatu, na hakulalamika, nampa sifa zake hapo.

Sasa lile giza. Usiku wa pili, saa 3 kasoro, wali uko jikoni, watoto wanacheza karata, umeme ukakatika. Nikachungulia nje, taa za ng'ambo ya bonde zinawaka. Nikajua si Tanesco, ni LUKU. Nilikagua kila kitu cha nyumba ile mpaka vibanio vya nguo, uniti sikukagua.

Mzee alikuwa ameshakwenda kwake, simu yake haipatikani. Mtandao pale unashika sehemu moja tu, pembe ya kibaraza, upande wa mti wa parachichi, na ni lazima usimame. Nikasimama hapo na kanga kichwani nikampigia mwenye nyumba. Akapokea, Mungu ambariki. "Pole dada yangu, nunua tu, nitakukata kwenye salio." Namba ya mita? Akasema iko kwenye stika nyuma ya mlango. Tukamulika. Stika ipo, ila tarakimu ya nane imefutika, haijulikani kama ni 3 au 8. Namba 11 halafu moja hujui. Nikafanya kama ninavyofanya stoo lebo ikichanika: tafuta karatasi ya zamani. Kwenye droo ya jikoni, chini ya viberiti, kulikuwa na kipande cha daftari chenye namba yote kwa kalamu ya bluu. Ilikuwa 8.

Nikanunua wa elfu 10. Ujumbe ukarudi na tarakimu zake 20. Kile kidude cha kubonyezea kiko juu ukutani karibu na dari, kwa hiyo baba watoto juu ya stuli, shemeji anamulika, mimi nashika stuli, na mwanangu mkubwa anasoma nne nne kama mwalimu wa imla. "Sifuri, tano, tano, mbili. Umeshaweka?" Mara ya kwanza ikakataa, alikosea moja. Mara ya pili taa zikawaka, na wali ulikuwa umeungua. Mama mkwe muda wote ule alikuwa mbele ya moto, hakuinuka. "Mnahangaikia taa," akasema, "na moto huu hapa."

Mwenye nyumba alinikata elfu 10 yangu kwenye salio bila kukumbushwa, na kesho yake mzee akaja na stika mpya. Kwa hilo nampa alama. Ila nyumba ya elfu 150 kwa usiku iwe na uniti za kutosha, au mgeni aambiwe mapema ajinunulie. Ukifika popote, mita kwanza, vitanda baadaye.

Jumamosi asubuhi tulikodi gari dogo mpaka Irente. Pale ukingoni milima inakatika ghafla kama mkate uliokatwa, na chini kabisa unaona Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyonyooka mistari, na nyika ya Wamasai inayoishia kwenye ukungu. Watoto walinyamaza, jambo ambalo halitokei. Karibu na hapo kuna shamba la Irente wanaouza jibini na mkate mweusi na jemu. Tulinunua jibini kipande kimoja, tukarudi kununua cha pili kabla hatujafika barabarani. Mjini Lushoto penyewe si pa kukaa muda mrefu, soko zuri, majengo machache ya Mjerumani. Mjerumani alipaita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, maana yake hata yeye alilifuata bonde na baridi yake. Simlaumu kwa hilo, namlaumu kwa mengine.

Jumapili ndiyo niliyoipenda, kwa sababu hatukwenda popote. Mzee alimfundisha mwanangu mdogo salamu ya Kisambaa ya asubuhi, "onga maundo," akaitumia kwa kila aliyepita njiani mpaka saa 10 jioni, na wanawake waliotoka kukata majani ya ng'ombe wakamwitikia kila mmoja kwa zamu bila kumsahihisha. Kwenye kichaka cha ngazi ya hamsini na kitu mkubwa akaona kinyonga mwenye pembe mbili puani, wale wa Usambara Magharibi. Kijani kama ndizi mbichi, jicho moja linatutazama sisi na lingine linatazama mto. Anainua mguu, anautikisa mbele, anaurudisha, anafikiri, anauinua tena. Tulikaa karibu nusu saa kumwangalia akivuka tawi la urefu wa mkono. Mama mkwe hakusogea, kwao kinyonga si mnyama wa kuchezea, alibaki juu kibarazani anatuuliza kwa sauti kama ameshaondoka.

Kuhusu maji: ni ya kuosha miguu, si ya kuogelea. Yana baridi ya kuuma mifupa na mawe yana utelezi. Mzee alituambia kitu kimoja ambacho nakirudia kwa wenye watoto. Mvua ikinyesha juu milimani, bondeni unaweza kuwa na jua na mto ukapanda. Akatuonyesha jiwe moja kubwa katikati, lina mstari wa ukoga. Ukiona mstari umefunikwa na maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, toka. Hakuna uzio wala kibao. Kibao kimoja kingegharimu kiasi gani?

Alama zangu sasa. Mahali, tano juu ya tano. Moto na mzee wa pale, tano na nyongeza. Usafi, nne, choo kilikuwa safi kila siku ila mlango wake haufungi mpaka uubebe kidogo. Vyombo na blanketi, mbili. Ukweli wa picha, mbili, na hiyo ya pili naitoa kwa sababu mto upo. Bei si ndogo kwa mshahara wa stoo, lakini tukigawanya kwa vichwa sita ilikuwa chini ya gesti nyingi nilizolala ambazo dirisha lake linatazama ukuta.

Nilimwandikia mwenye nyumba orodha: blanketi tatu, vikombe vinne, uma tano, kisu kimoja, mfuniko wa sufuria, kibao cha mto. Akajibu, "Ahsante dada, nimeipokea," na alama ya kucheka. Wiki mbili baadaye akanitumia picha ya vikombe vimepangwa mezani. Nikavikuza kwa vidole nikahesabu. Nane, vyote vina mikono. Blanketi hakupiga picha.

Nimeshalipa nusu ya usiku mbili za Januari, plamu zikiwa zimeiva. Mama mkwe ndiye aliyetoa hela. Ananiuliza kila akinipigia kama nimeshamwambia yule mzee aweke vile vijiti vyenye asali.